Faili Limefutwa, Nafasi Haijarudi

Saa sita za usiku wa kuamkia Jumatatu, kompyuta nyingi zinazoendeshwa na Ubuntu, Fedora na mifumo mingine ya Linux hupata kazi ambayo wenyewe hawakuiagiza na wengi hawajui kuwa ipo. Programu iitwayo fstrim hupita kwenye mfumo wa mafaili, hutafuta sehemu zisizo na kitu tena, kisha huiambia diski: hizi hazitumiki, zichukue. Katika matoleo ya karibuni saa ya kuanza husogezwa kwa bahati nasibu, hadi dakika 100 mbele, ili mashine zinazogawana hifadhi moja zisiivamie kwa mpigo. Kazi ikiisha, kimya hadi wiki ijayo.

Kwenye kompyuta ya kawaida yenye diski ya SSD, ujumbe huo hufika. Kwenye mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya seva kubwa, ujumbe huohuo huweza kufia njiani pasipo yeyote kupewa taarifa. Gharama yake ni ya kila siku: hifadhi inayojaa mapema, bekapu zinazobeba maiti za mafaili, na seva zinazonunuliwa kabla ya wakati wake. Uzembe huu umevumiliwa mno, na sehemu kubwa ya lawama iwaendee wanaoamua mipangilio ya awali ya programu hizi.

Mtu akifuta faili, mfumo wa mafaili haugusi yaliyomo. Unabadilisha rejesta yake tu: bloku hizi zilikuwa na mwenyewe, sasa ziko huru. Barua, picha na hesabu zilizokuwemo hubaki zilivyo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ndiyo maana mafundi huweza kurejesha picha zilizofutwa kwenye kadi ya kamera. Lakini rejesta hiyo iko ndani ya mashine pepe. Seva iliyoibeba haiisomi. Inachojua ni kwamba bloku fulani iliwahi kuandikwa, na bloku iliyoandikwa huhesabiwa kuwa ina mtu. Ni sawa na mwenye nyumba wa vyumba vya kupanga ambaye mpangaji wake amehama usiku bila kuaga: kufuli bado linaning'inia mlangoni, na mwenye nyumba anawarudisha wateja akiamini nyumba imejaa.

Tuseme mashine pepe imepewa diski ya gigabaiti 100. Siku ya kwanza faili linaloibeba kwenye seva lina gigabaiti 5 tu, kwa sababu diski za aina hii, ambazo mafundi huziita nyembamba, hukua kadiri zinavyoandikwa. Baada ya miezi kadhaa logi zimefurika, hifadhidata imehamishwa, nakala za muda zimerundikana, na faili limefika gigabaiti 90. Msimamizi anaingia, anasafisha, anaridhika. Ndani ya mashine, amri ya df inamwambia kuwa zimetumika 12. Nje, kwenye seva, faili bado lina 90. Na kwa kuwa mfumo wa mafaili hauna wajibu wa kuandika mapya palepale yalipokuwa ya zamani, mwezi unaofuata huweza kufika 95 ilhali vitu vyenye thamani havizidi 15. Faili la namna hii hujua kukua tu.

Enzi za diski za kuzunguka, hili halikumsumbua mtu. Kichwa cha sumaku kiliandika mapya juu ya ya kale, na kwake bloku iliyofutwa na ile iliyo hai zilikuwa kitu kimoja. SSD ndizo zilizovuruga utulivu huo. Kumbukumbu ya flashi haiandikwi juu kwa juu: data huingia ukurasa kwa ukurasa, lakini kufuta ni lazima kufanyike kwa bloku nzima yenye kurasa nyingi, na kila ufutaji hupunguza umri wake. Kidhibiti cha diski kisichojua kurasa zipi zimekufa hulazimika kuzihamisha pamoja na zilizo hai kila kinapojipanga upya. Diski inakuwa nzito na inachakaa upesi.

Dawa ilikuwa kuongeza amri moja katika mazungumzo ya kompyuta na diski. Kwenye diski za ATA ikaitwa TRIM. Kwenye SCSI ikaitwa UNMAP. Linux iliweka msingi wake katika keneli, yaani kiini cha mfumo, toleo la 2.6.28 mwishoni mwa 2008, na Windows 7 ikaja nayo mwaka 2009.

Wasomaji wengi wanayo amri hiyo mfukoni, ndani ya simu. Tableti ya Nexus 7 ya mwaka 2012 ililalamikiwa sana kwa kuwa nzito baada ya miezi ya matumizi. Android 4.3, iliyotoka Julai 2013, ikaleta ufagiaji wa kujiendesha: kifaa kikiwa kimetulia na chaji inatosha, kinaiambia kumbukumbu yake sehemu zipi ziko wazi. Google haikumtaka mwenye simu ajifunze amri yoyote, wala aweke tiki popote. Muuza mitumba wa Manzese na profesa wa chuo kikuu walipata huduma ileile kwa kiwango kilekile. Hicho ndicho kipimo ambacho mashine pepe zinastahili kupimwa nacho, na nyingi bado zinashindwa.

Zinashindwa kwa sababu ujumbe unapita mikono mingi. Kuna mfumo wa mafaili ulio ndani, kuna kiendeshi cha diski ya kuigiza, kuna programu inayoendesha mashine pepe, kuna umbo la faili la diski kama vile qcow2, kuna mfumo wa mafaili wa seva yenyewe, pengine chini yake kuna LVM, tabaka linalogawa nafasi ya diski, na mwisho kabisa kuna SSD halisi. Mmoja tu akikataa kupokea, mnyororo umekatika.

Mkataji mkubwa ni mpangilio wa awali. QEMU, programu inayobeba mashine pepe nyingi sana za Linux, ina chaguo liitwalo discard, na lisipoguswa maana yake ni kupuuza. Proxmox, mfumo wa kutoka Austria ambao kampuni ndogo huupenda kwa kuwa hupatikana bila ada ya leseni, umeliweka chaguo hilo kama kisanduku cha tiki kwenye ukurasa wa diski. Fundi anayeunda mashine kwa haraka huku mteja akisubiri hukipita bila kukiona. Kiendeshi cha virtio-blk, kilichotumika miaka mingi kwa wepesi wake, hakikujua kabisa kupokea ujumbe huu hadi mwaka 2019, zilipotoka keneli ya Linux 5.0 na QEMU 4.0. Kabla ya hapo ilibidi kuhamia virtio-scsi. Mashine iliyoundwa kabla ya mwaka huo na kuachwa na mipangilio yake ya kuzaliwa inastahili kushukiwa mpaka ipimwe.

Linalotia uchungu zaidi ni ukimya. Kazi ile ya usiku wa kuamkia Jumatatu imeandikwa kwa namna ambayo diski isiyojua TRIM hurukwa bila kosa lolote kuripotiwa. Upande wa pili, ikiwa diski ya kuigiza inasema inajua lakini QEMU imeambiwa ipuuze, fstrim itatangaza kwa ufasaha kuwa gigabaiti kadhaa zimesafishwa, na kwenye seva hakuna hata baiti moja iliyorudi. Msimamizi anasoma tangazo, anaamini, anaendelea na shughuli nyingine. Hata pale mnyororo ulipo mzima, tarakimu hiyo haielezi kilichookolewa: mfumo wa mafaili wa ext4 hukumbuka sehemu uliokwisha kuziripoti, hivyo ukiirudia amri papo hapo hutoa idadi ndogo, ilhali ule wa XFS huweza kuripoti nafasi yote tupu kila mara.

Hatari haiishii kwenye uchafu. Wauzaji wa nafasi kwenye seva hutegemea ukweli kwamba wateja hawatumii vyote walivyoahidiwa. Mwenye seva yenye terabaiti 2 huweza kuwaahidi wateja kumi gigabaiti 500 kila mmoja, jumla terabaiti 5, akiamini kuwa hawatafika huko kwa pamoja. Biashara hiyo ni halali na ina mantiki, maadamu nafasi inayoachwa inarudi. Isiporudi, hesabu inasogea upande mmoja tu. Siku hifadhi ya LVM ya aina nyembamba ikijaa, kwa kawaida uandishi husubirishwa sekunde 60, kisha hukataliwa. QEMU ikikosa nafasi ya kuandika huisimamisha mashine pale ilipo. Mteja aliyetumia kidogo kuliko wote husimama pamoja na yule aliyejaza, na akiingia kuangalia ataona kuwa diski yake ina nafasi tele. Atampigia nani simu, na atamwelezaje?

Wapo wenye sababu nzuri za kuogopa, na historia iko upande wao. VMware ilipotoa vSphere 5.0 mwaka 2011, ilianza kurudisha nafasi yenyewe kila mashine ilipofutwa au kuhamishwa. Makabati ya hifadhi ya wakati huo hayakuwa tayari: mengine yalichukua muda mrefu kutekeleza UNMAP kiasi cha kuchelewesha kazi nyingine zote. Kampuni ikawaambia wateja waizime, na toleo lililofuata likaja ikiwa imezimwa. Kwa miaka kadhaa wasimamizi waliendesha amri hiyo kwa mkono, usiku, wakiomba isiharibu kitu. Mwaka 2016 vSphere 6.5 ikairudisha pamoja na mfumo mpya wa VMFS-6, safari hii ikifanya kazi taratibu chinichini.

Tukio la Algolia lilitisha zaidi. Mwaka 2015 kampuni hiyo ya huduma za utafutaji, iliyoanzishwa na Wafaransa, ilieleza hadharani jinsi seva zake zilivyokuwa zikiharibika bila mpangilio: vipande vya mafaili mazima viligeuka kuwa sifuri tupu. Wahandisi wake walifuatilia mpaka wakafika kwenye TRIM, na kidole kikaelekezwa kwa SSD za Samsung zilizokuwa kwenye mashine hizo. Habari ikasambaa na watu wakaanza kuziepuka. Samsung nao wakalichimba suala hilo kwa bidii, na wao ndio waliolipata kosa. Halikuwa kwenye diski zao. Lilikuwa ndani ya keneli ya Linux, katika sehemu ya RAID ya programu inayogawa amri za TRIM baina ya diski kadhaa: amri nyingine zilikuwa zikielekezwa pasipo pao, na diski ikatii ilivyoambiwa. Marekebisho yalitoka Julai mwaka huohuo.

Kisa hicho kinasimuliwa hadi leo na wanaokataa kuwasha TRIM, lakini kinafundisha kitu kingine. Kosa lilipatikana, likarekebishwa, na kila seva iliyosasishwa tangu wakati huo imelipona. Anayezima TRIM mwaka huu kwa sababu ya kosa la 2015 anailipia hofu hiyo kwa fedha za mteja wake. Hofu yenye tija humfanya mtu apime kwanza kwenye mashine ya majaribio, awe na bekapu aliyoijaribu kuirejesha, ndipo awashe.

Usimbaji wa diski ni jambo tofauti, na hapo tahadhari ni ya haki. Diski iliyofungwa kwa LUKS humwonyesha mtazamaji wa nje fujo tupu, sehemu yenye data na isiyo na data zikifanana. TRIM ikipita, sehemu tupu zinajulikana, na mjuzi huweza kukisia mfumo wa mafaili uliotumika na kiasi cha data kilichomo. Ndiyo maana LUKS huizuia mpaka mwenyewe airuhusu. Mwanahabari anayelinda vyanzo vyake ana sababu ya kuiacha hivyo. Duka linalofunga seva zake kwa kuogopa wezi wa vifaa, aghalabu halina.

Kuna pia njia ya kizamani ambayo mafundi hurithishana: jaza nafasi yote tupu kwa sifuri, futa faili hilo la sifuri, kisha ubane diski kutoka nje. Inafanya kazi. Ila kwanza hulivimbisha faili la diski hadi ukubwa wake kamili, na kama seva ilikuwa karibu kujaa, dawa hiyo ndiyo itakayoijaza. Virt-sparsify, zana ya mradi wa libguestfs, hufanya usafi huo kwa adabu zaidi, mashine ikiwa imezimwa. Kwa seva ambayo haiwezi kuzimwa mchana wala usiku, fstrim ya kila wiki juu ya mnyororo mzima ndiyo njia. Kuamuru TRIM itumwe papo hapo kila faili linapofutwa kulikuwa mzigo kwa diski nyingi za SATA, zilizolazimika kusimamisha kazi nyingine ili kuitekeleza. Btrfs, mfumo mwingine wa mafaili, imelitatua kwa kukusanya maombi na kuyatuma baadaye, na tangu keneli 6.2 ya mwaka 2023 inafanya hivyo bila kuulizwa. Jambo moja lisisahauliwe: mashine yenye snapshoti za zamani, yaani kumbukumbu za hali ya diski ya wakati fulani, hairudishi nafasi yote, kwa sababu snapshoti bado inazishikilia bloku zilizokuwepo ilipochukuliwa. Anayetaka nafasi yake aanze kwa kufuta snapshoti zisizo na kazi.

Tatizo halijawaacha wenye kompyuta za mkononi pia. Vijana wanaojifunza uprogramu kwenye Windows hutumia WSL 2, ambayo huiweka Linux nzima ndani ya faili moja la diski pepe. Ukipakua kontena za Docker, faili linavimba. Ukizifuta, linabaki limevimba. Mwanafunzi mwenye SSD ya gigabaiti 256 hulisikia hilo upesi kuliko kampuni yenye kabati la seva. Kwa miaka jibu lilikuwa kuizima WSL na kulibana faili kwa mkono. Septemba 2023 Microsoft ilileta chaguo la kulifanya faili lipungue lenyewe, kisha matoleo ya baadaye yakalifungia chaguo hilo nyuma ya onyo kwamba linaweza kuharibu data. Kampuni yenye uwezo huo wote ingekuwa imeshalimaliza jambo hili kama ingelipa uzito linaostahili.

Afrika Mashariki ina sababu zake za kulifuatilia. Seva na diski zake huja kutoka nje na hesabu yake huanzia kwenye dola. Kampuni ndogo ya Mwanza au Kisumu inayouza nafasi kwa maduka, shule na ofisi za mawakili haina akiba ya kununua kabati jipya kwa sababu ya data ambayo wateja waliifuta mwaka juzi. Bekapu zinazopelekwa mji mwingine zinapita kwenye intaneti ya kulipia, na programu ya bekapu inayonakili diski nzima hubeba yaliyokufa pamoja na yaliyo hai kila usiku.

Kisha kuna sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taasisi inayomjibu mwananchi kuwa faili lake limefutwa, ilhali yaliyomo yamelala ndani ya picha ya diski na ndani ya bekapu za miezi kumi, inasema jambo lisilo kamili. TRIM peke yake si uthibitisho wa kuangamiza siri, na asiwepo wa kuiuza kwa jina hilo. Lakini taasisi isiyorudisha nafasi haijapiga hata hatua ya kwanza.

Wanunuzi wa huduma za wingu wajue pia nani ananufaika. Amazon EBS hutoza kwa ukubwa wa diski ulioombwa, hata ikiwa tupu, na diski hiyo haipunguzwi ukubwa. Anayetaka ndogo hutengeneza nyingine na kuhamisha data. Mteja wa mpango wa namna hiyo hapunguziwi bili kwa kufagia ndani ya mashine yake. Muuzaji anayetoza kwa nafasi iliyotumika kweli yuko katika hali nyingine kabisa: kila gigabaiti isiyorudi mteja anailipia. Huyo analazimika kumwambia mteja, kwa maandishi, kama mnyororo wake uko mzima. Mkataba usiotaja hilo una pengo, na mteja ana haki ya kuuliza kabla ya kuweka saini.

Waandishi wa programu za mashine pepe wamekaa na ushahidi wa zaidi ya miaka kumi. Vifaa vimekomaa na makosa makubwa yamezibwa. Diski mpya inayoundwa leo kwenye hifadhi nyembamba ingepaswa kuzaliwa na discard ikiwa imewashwa, na mwenye sababu ya usiri au ya kifaa cha zamani ndiye aende kuizima.

Mpaka hapo kazi inabaki kwa fundi, na ni ya muda mfupi. Ndani ya mashine pepe aandike lsblk -D. Safu ya DISC-MAX ikionyesha sifuri, ujumbe hautoki kabisa. Ikionyesha namba, asiridhike. Aende kwenye seva, aliulize faili la diski kwa qemu-img info -U na kuandika kando ukubwa halisi linaochukua, kisha arudi ndani aendeshe fstrim -av, halafu aulize tena kule nje. Namba ya nje isiposhuka kwenye mashine iliyofutwa vitu vingi tangu fstrim ya mwisho na isiyo na snapshoti, discard imezimwa mahali fulani kati ya hapo na diski, na mteja wake ajulishwe kabla hifadhi haijajaa.